Mkojo wa mtoto husema alichomeza

Msomaji, kama umepata kufika chini ya Mlima Meru, pande za Maji ya Chai na Ngurdoto mkoani Arusha, utakuwa umewaona vijana wanaocheka huku wamefunika mdomo kwa kiganja. Sisi watu wa mijini tukiyaona meno yale ya kahawia hukimbilia kusema mtu huyu hapigi mswaki. La hasha! Hayo ni madini ya floraidi, yaliyoyapata meno yakiwa bado yanajengwa ndani ya ufizi, kabla mwenyewe hajajua mswaki ni kitu gani.

Balaa hili si la Arusha peke yake. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, nchini Marekani, akakuta wenyeji wengi wana madoa kama hayo. Alihangaika miaka 30 kutafuta chanzo. Mwaka 1931 ndipo mkemia H. V. Churchill alipoyapima maji na kuikuta floraidi. Tangu hapo dunia ikashika neno moja: pima kisima.

Lakini kisima hakisemi yote. Mwaka 1955 Uswisi ilianza kuuza chumvi iliyotiwa floraidi kidogo ili kuzuia meno kuoza. Likazuka swali: ikiwa kila mtoto hula chumvi kwa kiasi chake, utajuaje kiasi kinachoingia mwilini? Jibu lilikuwa katika mkojo. Floraidi anayomeza mtoto, iwe ya maji, ya chakula au ya dawa ya meno, sehemu yake hutoka kwa njia hiyo, na sehemu kubwa ya inayobaki huganda katika mifupa na meno yanayokua. Ukijua iliyotoka, waweza kukadiria iliyoingia.

Kupima huko kulikuwa kazi ndefu ya maabara, hadi mwaka 1966 Martin Frant na James Ross walipotangaza kifaa kinachoitambua floraidi moja kwa moja katika kimiminika. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa kupima mkojo wa makundi ya watoto, na kipimo bora ni mkojo wa saa 24. Mkojo wa mara moja wa mtoto mmoja hautoshi, kwani hupanda na kushuka kufuatana na alichokula saa chache zilizopita.

Turudi nyumbani. Mwaka 1974 Tanzania, kwa sababu ya shida ya maji, iliruhusu kwa muda miligramu 8 za floraidi katika lita moja ya maji ya vijijini, wakati kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5. Baadaye kiwango chetu kilishushwa, na kituo cha Ngurdoto kikafanya kazi ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa.

Hayo ni ya kupongezwa. Ila katika vijiji vya mkoa wa Kilimanjaro ambako maji yana floraidi chini ya miligramu 1, watafiti waliwakuta watoto wenye meno yale yale. Wakayatazama magadi, yale tunayotia katika makande ili maharage yaive upesi. Magadi yanaweza kuwa na floraidi nyingi, na hayakai kijijini tu. Hupakiwa kwenye magunia na kuuzwa katika masoko ya mijini. Hapo cheti cha kisima safi hakimsaidii mtoto.

Ndiyo maana nasema, wapima maji wa wilaya na waganga wa meno washirikiane: maji yapimwe, na mkojo wa watoto wadogo upimwe pia. Jino la utu uzima likishaota na doa, hakuna chujio litakaloliondoa. Na wewe mama au baba unayesoma hapa, magadi yapunguze katika sufuria ya mtoto, na mfundishe kutema dawa ya meno. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa jino haujengwi mara mbili.