Maji Nyuma ya Kioo

Historia ya sola nchini Kenya kwa kawaida huandikwa kama historia ya jua. Mwandishi anaanza na ikweta, anahesabu saa za mwanga, halafu anafika kwa bei za paneli na mitambo ya kulipia kidogo kidogo kwa simu. Kwa mtu wa Turkana au Garissa labda hadithi hiyo inatosha. Sisi wa Kebirigo tunaishi mahali ambapo majani chai yanamea vizuri, na chai haimei vizuri mahali pakavu. Nyamira hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, nyingi zikimwagika kati ya Machi na Mei, kisha tena kuanzia Septemba. Hata ile miezi tunayoiita ya kiangazi ina alasiri zake za radi na mvua ya mawe. Kwa hivyo nikiulizwa historia ya sola ya huku, hasa ya zile paneli ambazo watu waliziunda kwa mikono yao wenyewe, mimi huisimulia kama historia ya maji. Jua halikuwahi kuwa shida.

Turudi nyuma kidogo. Seli ya kwanza ya silikoni iliyofanya kazi ya maana ilionyeshwa kwa umma na maabara za Bell huko Marekani mwaka 1954. Iligeuza asilimia 6 hivi ya mwanga kuwa umeme. Miaka michache baadaye seli kama hizo zilikuwa angani kwenye setilaiti, na angani, kama unavyojua, hakuna mvua wala umande. Shida ilianza zilipoletwa chini. Silikoni yenyewe ni kama jiwe, maji hayaiwezi upesi. Kinachokufa ni vile vyuma vilivyoshikana nayo: mistari myembamba ya fedha usoni mwa seli, utepe wa shaba uliopakwa bati unaounganisha seli moja na nyingine, mahali palipolehemiwa. Maji yakifika hapo yanaleta kutu na ukoga, na umeme unakosa njia ya kutoka. Seli inaweza kuwa nzima kabisa ndani ya paneli iliyokufa.

Kuanzia mwaka 1975 hadi 1986, maabara ya Jet Propulsion huko California iliendesha mradi mkubwa wa kununua paneli kutoka kwa makampuni, kuziweka nje, kuzitesa, na kuangalia zinakufaje. Paneli za kwanza zilifunikwa kwa mpira wa silikoni, ambao ulikuwa ghali na ulishika uchafu. Baadaye wakajaribu plastiki ile ile inayowekwa katikati ya vioo vya mbele vya magari. Mwishowe wakafikia plastiki iitwayo EVA, ambayo huyeyushwa na kukazwa ndani ya mashine inayonyonya hewa yote, kwenye joto la karibu nyuzi 150. Mpaka leo paneli nyingi duniani zimefungwa hivyo. Baadaye likaja pia jaribio ambalo limekuwa kiwango cha kimataifa: paneli inafungiwa chumbani kwa saa 1,000, kwenye joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85. Ikitoka salama, inauzwa. Nikisoma habari hizo huwa nawaza kwamba walijenga chumba cha mamilioni ili waige, kwa ukali zaidi, kitu ambacho paa la mabati la Kebirigo linafanya bure kila Aprili.

Kenya iliingia katika hadithi hii kupitia Meru. Mwaka 1984, Harold Burris, mhandisi Mmarekani, na Mark Hankins, aliyekuwa mwalimu wa kujitolea, waliweka sola katika shule ya harambee ya Karamugi. Wakafunza mafundi wa huko, na biashara ikaenea kutoka shule hadi nyumba za wakulima wa kahawa na chai. Miaka ya 1990 zikaja paneli ndogo za silikoni amofasi, za wati 10 hadi 14, ambazo mkulima angeweza kununua moja, akaongeza nyingine baada ya bonasi. Hizi hazikuwa na seli za kukatwa. Silikoni ilikuwa imepakwa moja kwa moja juu ya kioo, tabaka jembamba kuliko unywele, na nyuma yake alumini nyembamba vile vile. Alumini ya aina hiyo ikiguswa na maji inaliwa kama karatasi. Ndiyo maana viwanda vilikwangua tabaka lile pembeni, kioo kikabaki kitupu kama fremu, ili maji yanayopenya ukingoni yasikute kitu cha kula. Mwaka 1999 watafiti, Hankins akiwa mmoja wao, walizunguka wakipima paneli za amofasi kwenye paa za Wakenya, wakakuta aina fulani zikifanya vizuri na nyingine zikitoa umeme mdogo sana kuliko ulioandikwa nyuma. Mnunuzi hakuwa na njia ya kujua tofauti dukani. Kioo cheusi ni kioo cheusi.

Wazo la kujiundia lilikuja kwa mlango mwingine. Katikati ya miaka ya 2000 vijana wa Kibera Community Youth Programme, jijini Nairobi, walikuwa wakiunda paneli ndogo za kuchaji simu na kuendesha redio, wakisaidiwa na maarifa ya Mwingereza Graham Knight, ambaye alikuwa amejitolea kueneza sola ya kujifanyia mwenyewe. Wakati huo ndio simu ilikuwa inaingia kila boma, na stima ilikuwa inapita juu ya vichwa vya watu wengi ikielekea kwingine. Ukitoka kwetu kwenda kuchaji simu sokoni ulilipa, na ulingoja. Paneli ya wati tano nyumbani ilikuwa jambo kubwa.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wa waliojaribu. Alikuwa fundi wa redio, kwa hivyo kulehemu hakukumshinda. Alipata seli zilizovunjika kutoka kwa mtu wa Nairobi, akazipanga 36 mfululizo kama inavyotakiwa kwa betri ya volti 12, akaziweka nyuma ya kioo cha dirisha, akafunga kwa fremu ya mbao na ubao wa plaiwudi nyuma. Kingo zote akazipiga silikoni ya bomba, ile ya mafundi wa vioo. Iliwaka. Watu walikuja kuangalia. Ilipita Januari na Februari ikichaji simu za majirani, na mvua za Machi zilipoanza bado ilikuwa inachaji. Kufikia Juni mita ilikuwa inasoma volti vizuri lakini ukiunganisha simu, kimya. Majirani wakasema jua la huku ni dhaifu. Wengine wakasema ni vile ameunda mwenyewe, angenunua ya kiwanda.

Miaka baadaye nilimwomba tuifungue.

"Mjomba, hapa pembeni uliweka nini?"

"Silikoni ya dirisha, mwanangu. Ile inanuka siki."

Hilo neno moja, siki, linaeleza nusu ya mambo. Silikoni ya bei nafuu inapokauka hutoa asidi asetiki, yaani asidi ya siki yenyewe. Kwenye dirisha haina neno, mvuke unaenda zake. Ukifungia mvuke huo ndani ya kisanduku pamoja na shaba na bati, umeanza kutu kabla hata tone la mvua halijafika. Kuna silikoni nyingine, zisizo na harufu hiyo, ambazo haziumizi chuma, lakini nani angemwambia? Bomba lilikuwa limeandikwa kwa lugha ya watu wa madirisha. Na hata viwanda vikubwa vilijifunza somo hilo kwa hasara, kwani EVA nayo ikizeeka kwenye joto na unyevu hutoa asidi ile ile.

Nusu ya pili ilikuwa plaiwudi, na hapa mjomba alinionyesha kitu ambacho sikukipata katika kitabu chochote. Alisema paneli ile ilikuwa "inapumua." Mchana mabati yanachemka, hewa ndani ya kisanduku inapanuka na kutoka kupitia matundu madogo ya mbao. Usiku mabati yanapoa kuliko hata hewa yenyewe, na ndiyo maana asubuhi unakuta umande juu ya paa hata kama mvua haikunyesha. Hewa ya ndani inajikunja, inavuta hewa ya nje iliyojaa unyevu, na unyevu ule unaganda kuwa matone nyuma ya kioo. Kesho yake hewa inatoka, lakini si maji yote yanayotoka. Hesabu unyevu kidogo kwa usiku, kwa siku mia. Yeye aliona ukungu ule kila asubuhi na akadhani ni wa nje, akawa anaufuta kwa kitambaa. Kitambaa kinatoka kikavu, bado kioo kina ukungu. Hapo ndipo alipojua maji yako ndani.

Kisanduku kilichofungwa nusu ndicho kibaya kuliko vyote. Mjomba alitengeneza cha pili akatoboa mashimo mawili upande wa chini, akayaziba kwa wavu wa mbu ili wadudu wasiingie, akaacha kipenyo nyuma ya ubao ili hewa ipite. Akaupaka ubao rangi ya mafuta pande zote, hata kwenye kingo zilizokatwa, ambako plaiwudi hunywa maji. Viungo vya shaba akavipaka vanishi ya transfoma aliyokuwa nayo kwenye kibanda cha redio. Alijaribu pia nta ya mshumaa kwenye kona moja. Ikayeyuka wiki ya kwanza ikateremka juu ya seli kama machozi. Paneli hiyo ya pili ilidumu zaidi ya miaka mitatu, na mwishowe iliuliwa na mvua ya mawe, ambayo kioo cha dirisha hakiwezi kushindana nayo. Vya kiwandani huwa vimekazwa kwa moto ili visivunjike upesi.

Nasimulia haya yote kwa sababu hukumu iliyotolewa juu ya mafundi hawa, nadhani, haikuwa ya haki. Iliaminika kwamba sola ya kujiundia ilikufa kwa sababu fundi wa jua kali hajui umeme. Umeme waliujua. Walichokosa kilikuwa tanuri la kunyonya hewa na maarifa ya gundi, na maarifa hayo yalikuwa yamelipiwa huko California miaka thelathini nyuma, yakafika kwetu yakiwa yamefungwa ndani ya kioo, bila maelezo. Kuna kejeli pia katika jina lenyewe. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji na kuagiza wajengewe vibanda vya kuwakinga na jua. Hawa wa kwetu walihitaji kukingwa na umande.

Mambo yakabadilika haraka. Mwaka 2011 kiwanda cha paneli kikafunguliwa Naivasha, na mashine ile ya kukaza EVA ikawa ndani ya Kenya. Mwaka 2012 zikatoka kanuni zilizowataka wanaounda, wanaouza na wanaofunga sola wawe na leseni. Sina ugomvi na leseni, nyumba zimewahi kuungua. Ila baada ya hapo mtu wa kibanda cha redio hakuwa tena mwundaji wa paneli hata kwa ndoto. Paneli za China zikashuka bei mpaka haikuwa na maana kununua seli na kulehemu. Stima nayo ikafika kwa maboma mengi baada ya 2015, ingawa nguzo huanguka mvua zikizidi na giza linarudi kwa siku kadhaa.

Kazi iliyobaki kwa mjomba ni kufungua. Wanamletea paneli za kiwandani zilizoacha kuchaji, na mara nyingi ugonjwa uko kwenye kile kisanduku kidogo cheusi cha nyuma, ambako waya hutokea. Kifuniko kimelegea, maji yameingia, dayodi ina ukoga wa kijani. Anasafisha kwa mswaki, analehemu upya, anapaka vanishi, anafunga kwa silikoni. Kabla hajaipaka hukata ncha ya bomba na kunusa. Ikinuka siki, anairudisha dukani.