Kikombe Kimoja, Mara Moja

Kutoka Arusha hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, ni zaidi ya kilomita 300, na mwaka 2011 sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa vumbi, mawe na makorongo. Magari yalifika hivyohivyo, yakajipanga kilomita kwa kilomita: mabasi, Land Cruiser, Noah, pikapu zenye wagonjwa waliolazwa juu ya magodoro. Wenye uwezo walitua kwa helikopta. Wote walimfuata mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu.

Babu alisema Mungu ndiye aliyemwotesha dawa. Mizizi ya mti ambao Wasonjo, wenyeji wa eneo hilo, huuita mugariga ilichemshwa kwenye masufuria makubwa, mgonjwa akapewa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Dawa ilipaswa kunywewa palepale Samunge, itoke mkononi mwa Babu, na isirudiwe. Kisukari, pumu, saratani, shinikizo la damu, UKIMWI: kikombe kilikuwa hichohicho.

Wapo wanaoueleza umati ule kwa neno moja, ujinga. Sikubaliani nao. Kwenye foleni walikuwamo viongozi na wasomi, na magonjwa yaliyowapeleka yana tabia moja: hospitali huyatunza kwa miaka, mara nyingi bila kuyamaliza. Mwenye kisukari hujidunga sindano leo, kesho na mwakani. Mwenye virusi vya UKIMWI humeza vidonge kila siku ya Mungu, pengine kwa kujificha, jirani asijue. Aliyechoka namna hiyo akiambiwa kuna kikombe cha kunywa mara moja, basi, atauza mbuzi apate nauli.

Mugariga wenyewe haukuwa uzushi. Wasonjo waliujua kama mti wa dawa tangu zamani. Serikali nayo ilipeleka wataalamu, wakasema dawa ile haina madhara kwa mnywaji. Nadhani hapo ndipo tulipojikwaa: wengi walisikia "haina madhara" wakaelewa "inaponya". Wako waliokufa wakiwa bado foleni, baada ya kutolewa wodini na ndugu waliowapenda. Wako waliorudi nyumbani wakaacha ARV, dawa za kufubaza virusi walizokuwa wakipewa bure, na mwilini virusi vinaweza kuanza kuzaliana tena ndani ya wiki chache tu. Hao ndio wanaoniuma zaidi, kwa sababu walijisikia wazima kutokana na vidonge vilevile walivyovitupa.

Vikombe vya waganga wengine vilizuka Mbeya, Tabora, Rombo na Morogoro. Kabla mwaka haujaisha, foleni ya Samunge ilikuwa imenyauka. Babu alifariki Julai 2021, na mizizi ya mugariga bado inachimbwa na Wasonjo kwa matumizi yao ya siku zote.