Bando la Shilingi 20

Mwaka 2021, miezi michache baada ya kuacha chuo, niliketi kwenye bedsita yangu Embu nikaandika amri moja: npx create-react-app duka. Shangazi anauza vitambaa pale Makutano, Meru, na aliniahidi elfu tano nikimtengenezea tovuti. Nyumbani walikuwa wanangoja kuona niliacha masomo nifanye nini.

Mistari ikatembea, kisha ikakwama. Bando la shilingi 20 limeisha. Jamaa mmoja kwenye video alishauri: futa kila kitu, hata kache ya npm, uanze upya. Nikafuta. Hapo ndipo nilijimaliza, maana kache ndiyo ilikuwa imehifadhi vyote nilivyokuwa nimeshapakua.

Nilidhani shida ni mimi. Kumbe amri ile ina historia ndefu.

Miaka ya tisini, ukurasa wa wavuti ulihitaji faili moja na kivinjari tu. Ungeujenga hata bila intaneti. Ni vizuri hivyo, kwa sababu Kenya tulikuwa tunaunganishwa na dunia kwa satelaiti, na bei ilikuwa si mchezo. Juni 2009, kebo ya TEAMS kutoka Fujairah ikafika Mombasa. Julai, SEACOM ikawashwa. Na Novemba mwaka huohuo, kule Berlin, Ryan Dahl akawaonyesha watu Node.js, iliyoiwezesha JavaScript kufanya kazi nje ya kivinjari. Mwaka 2010 ikaja npm, ghala la vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine. Facebook wakaitoa React 2013, na 2016 Create React App: amri moja, mradi mzima uko tayari.

Rahisi kweli, ila kwa nani? Folda ya node_modules peke yake ilipita MB 200 kabla hujaandika mstari wako wa kwanza. Waliounda vifaa hivi walikuwa na intaneti isiyopimwa. Mimi nilikuwa nainunua kama mafuta ya taa, kwa kipimo. Kebo ilifika Mombasa, sawa, lakini kutoka pwani hadi simu yangu bado kuna bei, na siku ile ilikuwa nauli yangu ya kesho.

Aliyeniokoa ni rafiki mwenye mradi kama wangu. Alininakilia folda yake nzima kwenye flashi, vile tulivyozoea kuwekewa sinema mtaani. Sote tulikuwa na Windows, kwa hivyo ikakubali. Wiki mbili baadaye shangazi alikuwa anawaonyesha wateja vitambaa vyake kwa simu.

Create React App ilistaafishwa Februari 2025. Wengi sasa wanaanza na Vite, iliyoanzishwa na Evan You mwaka 2020. Jina ni la Kifaransa, maana yake "haraka", na kweli ni nyepesi. Lakini hata hiyo huanza kwa kupakua.

Kwa hivyo kama nawe unahesabu MB: fanya npm install ya kwanza mahali penye Wi-Fi ya bure. Mradi unaofuata, ongeza --prefer-offline, na npm itatumia kwanza kilichomo ndani ya kompyuta yako. Na yeyote akikwambia ufute kache, muulize kwanza kama atakulipia bando.