Waliovuka Ruvuma na Tezo

Ndugu msomaji, ingia duka lolote la vinyago pale Mwenge, Dar es Salaam, utaambiwa: "Hii ni sanaa ya Kitanzania, bwana." Sikatai. Ila mimi mtu wa kusini huwa najiuliza: hivi mikono iliyoanzisha sanaa hiyo ilitoka wapi?

Mto Ruvuma unapita kati ya nyanda mbili za juu. Huku kwetu kuna uwanda wa Makonde, Newala ikiwa juu yake na Masasi chini, upande wa magharibi. Ng'ambo, nchini Msumbiji, kuna uwanda wa Mueda. Wa huku na wa kule wote ni Wamakonde, lakini wale wa ng'ambo tuliwaita Wamawia, na jina hilo halikuwa la heshima.

Wamawia walianza kuvuka zamani, wakikimbia kodi ya Mreno, kazi za shuruti na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Wengi waliishia kukata mkonge mashambani. Tarehe 16 Juni 1960 Wareno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda. Septemba 1964 FRELIMO ikaanza vita, na maelfu wakavuka mto. Kule Nachingwea, jirani na Masasi, wapiganaji wakapata kambi ya mafunzo.

Sasa fikiria, mtu amekimbia. Hana shamba, hana mkorosho hata mmoja. Amebaki na tezo na mikono yake. Kwao alichonga mapiko, vinyago vya kuvaa kichwani katika ngoma za jando, na watazamaji walijua maana yake. Ugenini mnunuzi ni Mzungu au Mhindi asiyejua jando ni kitu gani. Afanyeje? Arudie yale yale?

Hakurudia. Samaki Likankoa, mmoja wa waliokuja kabla ya vita, ndiye anayetajwa kuwa baba wa mtindo wa shetani. Husimuliwa kwamba alikuwa anachonga umbo la mtu, mkono ukakatika; badala ya kulitupa gogo, akalimalizia kama shetani. Roberto Yakobo Sangwani, naye wa kutoka Msumbiji, alichonga mshindi wa mieleka akibebwa na wenzake. Mtindo huo wa watu waliobebana ukaitwa dimoongo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 watu wakazoea kuuita ujamaa. Umeona hapo? Kazi ya mgeni ikavishwa jina la siasa yetu, na sisi tukasahau kwamba alikuwa mgeni.

Hapo ndipo sisi tunaotaka kuandika tunapopata somo. Tumezoea kusema mkimbizi "ametunza" mila zake, kana kwamba alizibeba ndani ya kibuyu. Si kweli. Mitindo hii haikuwepo Mueda. Ilizaliwa huku, kwa sababu ya njaa, mpingo na mnunuzi mpya. Nchi mpya ilimbadilisha mchongaji, naye akaibadilisha nchi.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Wapo waliorudi, wapo waliobaki wakazaa na kuzikwa huku. Mwaka 2010 Daraja la Umoja likafunguliwa, likiunganisha Mtambaswala, upande wa Masasi, na Negomano ya ng'ambo. Tukashangilia, undugu umepata barabara.

Kisha Oktoba 2017 vita vikazuka Cabo Delgado, jimbo lile lile la Mueda. Watu wakaukimbilia tena Ruvuma. Mwaka 2021 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilieleza kwamba maelfu waliovuka kuja Tanzania walirudishwa kupitia Negomano. Wengi walikuwa wanawake na watoto.

Mikononi mwao walikuwa na nini? Hatujui, maana hatukuwapa nafasi ya kutuonyesha. Vinyago vya babu zao tunavipanga madukani na kuviita vyetu. Basi angalau sisi wenye kalamu tusiandike historia ya kinyago tukamwacha mchongaji ng'ambo ya mto.