Juventus: Hukumu Isiyotaja Mechi

Tarehe 26 Aprili 1998, katika uwanja wa Delle Alpi mjini Turin, Ronaldo wa Brazili, aliyechezea Inter, aliupitisha mpira pembeni ya beki wa Juventus Mark Iuliano ndani ya boksi, akaukimbilia. Iuliano hakuhangaika na mpira. Alisimama njiani, wakavaana kifua kwa kifua, Ronaldo akaenda chini. Refa Piero Ceccarini akapeta. Juventus wakakimbia na mpira upande wa pili, na hata dakika haijaisha filimbi ikalia: Taribo West wa Inter kamfanyia madhambi Alessandro Del Piero. Penalti.

Kipa wa Inter, Gianluca Pagliuca, aliipangua, kwa hiyo penalti yenyewe haikuzaa kitu. Lakini Juventus walishakuwa mbele kwa goli la Del Piero, na mechi ikaisha 1-0. Kabla ya mchezo huo timu hizo zilipishana pointi moja tu. Msimu ulipofungwa, Juventus walikuwa mabingwa kwa pointi 5. Kocha wa Inter, Gigi Simoni, aliingia uwanjani kumfokea refa, akatolewa. Siku chache baadaye mabishano yakahamia bungeni Roma. Mbunge Domenico Gramazio alitaka kumvamia mwenzake, Massimo Mauro, mchezaji wa zamani wa Juventus, wahudumu wakamzuia na kikao kikaahirishwa. Ceccarini alishikilia kwa miaka kwamba Ronaldo ndiye aliyemvaa Iuliano.

Wakati huo wimbo wa "Juventus wanabebwa" ulikuwa tayari mkongwe. Mashabiki wa Roma walikuwa wakiuimba tangu tarehe 10 Mei 1981, walipokwenda Turin wakiwa nyuma kwa pointi moja. Beki wao Maurizio Turone alipiga kichwa, mpira ukatinga wavuni, kibendera kikawa juu: kaotea. Mechi ikaisha 0-0 na Juventus wakachukua ubingwa kwa tofauti ya pointi 2. Picha za televisheni za enzi hizo hazikuweza kumaliza ubishi, na mpaka leo ukimtajia Mroma jina la Turone hahitaji maelezo zaidi. Refa wa siku hiyo aliitwa Paolo Bergamo. Jina hilo litarudi.

Ikaja tarehe 7 Mei 2000. Juventus walikuwa wakiongoza 1-0 dhidi ya Parma pale Fabio Cannavaro wa Parma alipofunga kwa kichwa kutokana na kona. Refa Massimo De Santis akalikataa goli, na hakuna aliyeona kosa lilikuwa wapi. Mashabiki wa Lazio, waliokuwa wakiifukuzia Juventus, walichafukwa. Wiki moja baadaye Juventus walicheza Perugia, na mvua ikanyesha mpaka uwanja ukageuka bwawa. Refa Pierluigi Collina alisubiri zaidi ya saa moja, akaamuru mchezo uendelee, Alessandro Calori akawafungia Perugia goli pekee, na ubingwa ukaenda Lazio kwa pointi moja. Waliosema Juventus hubebwa kila siku hawakubadili kauli. Na mashabiki wa Juventus, nao, hadi leo huuliza: timu iliyoweka marefa mfukoni inalazimishwaje kuogelea?

Hadi hapo ilikuwa mabishano ya vijiweni kama ya nchi yoyote yenye ligi. Mei 2006 ndipo yalipopata karatasi.

Magazeti ya Italia yalianza kuchapisha mazungumzo ya simu yaliyonaswa na wapelelezi katika msimu wa 2004-05. Katikati yake alikuwapo Luciano Moggi, meneja mkuu wa Juventus, na upande wa pili wa simu mara nyingi walikuwa waliokabidhiwa kazi ya kuwapangia marefa mechi tangu 1999: Pierluigi Pairetto na yule yule Paolo Bergamo wa 1981. Agosti 2004, baada ya sare ya 2-2 na Djurgården ya Sweden, Moggi alimpigia Pairetto kumshutumu refa Mjerumani Herbert Fandel, aliyekuwa amekataa goli la Fabrizio Miccoli. Novemba mwaka huo, baada ya kufungwa 2-1 na Reggina, alisikika akijisifu kwamba alimfungia refa Gianluca Paparesta chumbani. Zikatajwa pia laini za simu za Uswisi zilizogawiwa ili mazungumzo yasifuatiliwe.

Uongozi wa Juventus ukajiuzulu. Tarehe 9 Julai 2006 Italia ilitwaa Kombe la Dunia mjini Berlin, katika fainali iliyochezwa na wachezaji 8 wa Juventus ukijumlisha pande zote mbili. Siku 5 baadaye hukumu ikasomwa: klabu yao inashuka hadi Serie B, daraja la pili, ikianza na pointi 30 pungufu. Rufaa zikaipunguza adhabu hadi pointi 17, kisha 9. Ubingwa wa 2005 ukafutwa bila kupewa mtu. Wa 2006 wakakabidhiwa Inter. Milan, Fiorentina, Lazio na Reggina nao wakakatwa pointi. Cannavaro, ambaye sasa alikuwa wa Juventus, akaenda Real Madrid, Zlatan Ibrahimović akaenda Inter, ila kipa Buffon, Del Piero, Nedvěd na Trezeguet wakabaki kucheza na timu kama Rimini.

Hapa ndipo penye kiini cha ubishi wa miaka yote iliyofuata. Vyombo vya nidhamu vya soka viliiadhibu Juventus kwa mtandao wa mahusiano: simu, shinikizo, ukaribu usiofaa na wapangaji wa marefa. Havikuonyesha mechi yao hata moja ambayo matokeo yake yalithibitika kupangwa. Kisheria mantiki ipo, maana anayejenga ukaribu na wapangaji wa marefa ameshajitafutia faida hata kabla mpira haujapigwa. Kwa shabiki, hukumu ya namna hiyo iliacha mlango wazi. Kwa kuwa hakuna mechi iliyotajwa, wapinzani walizitia hatiani zote, hata zile za 1981 na 1998, zilizochezwa miaka mingi kabla ya simu hizo. Na kwa sababu hiyo hiyo, wa Juventus waliziona zote kuwa safi.

Mahakama za kawaida hazikusaidia. Mwaka 2011 Moggi alihukumiwa Naples miaka 5 na miezi 4. Rufaa ya 2013 ikaipunguza kuwa miaka 2 na miezi 4. Machi 2015 mahakama ya juu kabisa ikayafuta mashtaka yaliyobaki dhidi yake kwa kuwa muda wa kisheria ulikuwa umepita. Kifungo cha maisha katika soka kilibaki. Katikati ya safari hiyo, Julai 2011, mwendesha mashtaka wa shirikisho la soka, Stefano Palazzi, aliandika kwamba viongozi wa Inter nao walikuwa na simu zao za kujieleza, akiwemo Giacinto Facchetti, aliyefariki Septemba 2006. Muda wa kuwashtaki ulikuwa umepita. Shirikisho likasema halina mamlaka ya kuwanyang'anya Inter ubingwa.

Februari 2012 mpira wa kichwa wa Sulley Muntari wa Milan ulivuka mstari wa goli la Juventus waziwazi, Buffon akauchomoa mpira, mchezo ukaendelea. Siku hiyo hiyo Juventus walikataliwa goli halali la Alessandro Matri, lakini hilo hukumbukwa Turin tu. Teknolojia ya mstari wa goli iliingia Serie A mwaka 2015, VAR mwaka 2017. Penalti ya kwanza ya VAR kwenye ligi hiyo ilitolewa dhidi ya Juventus, wakicheza na Cagliari, na Buffon akaipangua.

Mashine haikuzima lolote. Aprili 2018 refa Daniele Orsato hakumpa Miralem Pjanić kadi ya pili ya njano dhidi ya Inter, na wakati huo VAR haikuruhusiwa kuingilia kadi ya pili ya njano. Miaka kadhaa baadaye Orsato mwenyewe alikiri alikosea. Septemba 2022 Juventus walinyimwa goli la ushindi la Arkadiusz Milik dhidi ya Salernitana, kwa sababu kamera za VAR hazikumwonyesha Antonio Candreva, aliyesimama karibu na kibendera cha kona na kuwafanya wote wasiwe wameotea.

Leo vitabu vya shirikisho vinaiandikia Juventus mataji 36 ya ligi. Klabu yenyewe huhesabu 38. Waulize wanaobishana juu ya hayo mawili yaliyopungua wakutajie mechi iliyouzwa: mmoja atakutajia 10, mwingine atakwambia hakuna, na hukumu haimsaidii yeyote kumnyamazisha mwenzake.