Msambao Kengele, si Mgawanyo wa Kawaida

Mswada wangu wa takwimu umerudi kutoka kwa wahariri, na kila nilipoandika "msambao kengele" pamefutwa, pakawekwa "mgawanyo wa kawaida". Sababu niliyopewa ni moja: ndivyo kamati ya istilahi ilivyopitisha. Sikubali.

Mgawanyo una mgawaji. Mirathi hugawanywa, madaraka hugawanywa, na anayegawa anajulikana. Uzito wa mifuko ya unga haukugawanywa na mtu. Umesambaa wenyewe, mingi karibu na wastani, michache pembeni. Kitenzi ni kusambaa, nomino yake msambao.

"Kawaida" ndilo kosa kubwa zaidi. Tumelitoa kwenye Kiarabu, ambako maana yake ni msingi au kanuni. Kwetu limekuwa mazoea, jambo la kila siku. Kamati imefuata neno la Kiingereza "normal", lenye mzizi wa Kilatini, norma, yaani kipimo cha seremala cha pembe mraba. Mwanahisabati De Moivre alipoifikia hesabu ya msambao huu mwaka 1733 hakuiita hivyo. Aliyelieneza jina hilo ni mwanatakwimu Karl Pearson, naye mwaka 1920 alikiri kasoro yake: huwafanya watu wadhani misambao mingine yote ina hitilafu. Mwenyewe amelitilia shaka, nasi tulitafsiri kwa nini? Wajerumani husema mchoro wa kengele, na noti yao ya marki 10 yenye sura ya mwanahisabati Gauss iliubeba mchoro huo.

Kuna anayenipinga kwamba msambao wa Student nao una umbo la kengele. Ni kweli, lakini huo una jina lake tayari.

Istilahi nyingine, "wastani wa sampuli", sina ugomvi nayo, nayo yaonyesha kwa nini kengele inafaa. Chukua mifuko ya unga yenye msambao kengele, wastani wa gramu 2000 na mchepuko sanifu wa gramu 20. Uwezekano wa mfuko mmoja kupungua chini ya gramu 1992 ni kama 0.34. Kwa wastani wa sampuli ya mifuko 25, gawa 20 kwa kipeuo cha pili cha 25, upate 4. Sasa 1992 iko michepuko miwili chini, na uwezekano hushuka hadi 0.023. Kengele imekuwa nyembamba, na mwanafunzi anaiona.

Walimu wa kidato cha sita, liandikeni ubaoni: msambao kengele. Msingoje kamati.