Kamshafti ya Gari la Kwenda Kazini

Nilisikia sauti ya kamshafti kabla sijajua kamshafti ni nini. Ilikuwa kwenye kituo cha mafuta hapa Columbus, Ohio. Kijana mmoja aliingia dukani kulipa na kuiacha pikapu yake ikinguruma. Haikunguruma sawasawa. Ilidunda, ikasita, ikadunda tena, kama mtu anayecheka na kukohoa kwa wakati mmoja. Kila aliyekuwepo aligeuka kuitazama. Nikiwa nimeshika pampu nilijiambia: na letu litalia hivyo.

Letu ni Chevrolet C1500 ya mwaka 1994, gari pekee la nyumbani kwetu. Mama anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Saa kumi na moja na nusu alfajiri namfuata, namrudisha nyumbani, kisha nakwenda chuoni ninakosoma shahada ya uzamili ya historia. Kiangazi kilichopita injini yake ya silinda sita ilikufa. Tukapata V8 ya lita 5.3 iliyotolewa kwenye Silverado ya 2002 iliyogongwa nyuma, na fundi wetu, mzee wa Kikongo kutoka Bukavu ambaye sote tunamwita Papa, akakubali kuifunga kwenye gereji ya nyumbani kwake. Injini ilipokuwa imewekwa pale juu ya matairi mawili makuukuu, imefunguliwa mbele, likazuka swali: tubadilishe kamshafti, au tuiache ya kiwandani?

Kwa ambaye hajawahi kuona injini iliyofunguliwa: kamshafti ni mhimili mrefu wenye vivimbe vyenye umbo la yai. Mhimili ukizunguka, kila kivimbe kinasukuma valvu ifunguke, na springi inairudisha. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja. Umbo la kivimbe ndilo linaloamua valvu ifunguke lini, kwa kiasi gani na kwa muda gani, na muda huo hupimwa kwa nyuzi za mzunguko wa krenki. Ya kiwandani kwenye injini yetu ni nyuzi 190 hivi. Ile niliyoitamani ilikuwa 230 na ushee.

Nyuzi arobaini zinaonekana chache, lakini zinabadilisha tabia nzima ya injini. Injini inapokwenda kasi, hewa inayoingia kwenye silinda inakuwa na msukumo wake yenyewe, hivyo ukichelewa kufunga valvu itaendelea kuingia hata pistoni ikiwa imeshaanza kupanda. Ndiyo maana kamshafti kubwa inatoa nguvu nyingi huko juu, kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. Kwenye mwendo mdogo msukumo huo haupo. Pistoni inapanda, inakuta mlango bado uko wazi, inairudisha hewa ilikotoka. Tena, valvu ya kuingiza na ya kutoa zinakuwa wazi pamoja kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo moshi nao unarudi ndani. Ule mdundo uliowageuza watu kituoni ulikuwa wa injini inayopaliwa.

Papa aliniuliza swali moja tu. "Mutoto yangu, unatafuta makelele ao unatafuta kazi?"

Sikumjibu. Nikafanya anachofanya mwanafunzi wa historia akiogopa kuamua: nikaenda kusoma.

Wazo lenyewe ni la kale kuliko magari. Mwaka 1206, al-Jazari, mhandisi aliyewatumikia watawala wa Diyarbakir, alikamilisha kitabu cha mitambo yake, na ndani yake mna mashua ya wanamuziki bandia wa kuburudisha karamu za mfalme. Ngoma zao zilipigwa na vigingi vilivyopachikwa kwenye gogo linalozunguka: kigingi kinapita, kinasukuma mkono, mkono unapiga. Ukihamisha kigingi unabadilisha mdundo. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu maktabani, maana nami nilikuwa nikitafuta kigingi cha kunibadilishia mdundo.

Kwenye injini za kwanza za petroli kazi ya kamshafti ilikuwa nusu. Valvu ya kutolea moshi ndiyo iliyosukumwa. Ile ya kuingiza hewa ilikuwa na springi dhaifu, ikifunguliwa na mvuto wa pistoni tu. Ilitosha kwa mwendo wa pole, lakini kasi ilipoongezeka valvu ilishindwa kufuatana na pistoni. Wahandisi wakaipa nayo kivimbe chake, na tangu hapo umbo la kivimbe likawa jambo la kubishaniwa.

Wabishi wakubwa walikuwa vijana wa California. Ed Iskenderian alizaliwa mwaka 1921 katika familia ya wahamiaji Waarmenia. Gari lake la Ford la kuungaunga lilikimbia maili 120 kwa saa kwenye ziwa kavu la El Mirage mwaka 1942. Baada ya vita alitaka kamshafti mpya, akakuta wachongaji wameelemewa na foleni ya miezi. Akanunua mashine kuukuu ya kusaga vyuma, akaigeuza, akaanza kuchonga mwenyewe. Yeyote aliyewahi kusubiri spea Kariakoo au Kirumba anaielewa historia hii bila maelezo zaidi.

Anayenivutia zaidi ni Zora Arkus-Duntov. Alizaliwa Brussels mwaka 1909 kwa wazazi Warusi, akasomea uhandisi Berlin, akaikimbia Ufaransa mwaka 1940, na mwaka 1953 akaajiriwa na Chevrolet. Desemba ya mwaka huohuo aliwaandikia wakubwa zake waraka kuhusu vijana wanaotengeneza magari ya kasi. Hoja yake ilikuwa rahisi: vijana hawa wanasoma habari za Ford kila mwezi magazetini, wanatengeneza Ford, na wakipata pesa watanunua Ford. Kampuni iwape vifaa vya kasi vya Chevrolet. Mwaka 1955 ikatoka V8 mpya ya inchi za ujazo 265. Duntov akaichorea kamshafti, na Januari 1956 akaendesha Corvette kwenye mchanga wa Daytona Beach zaidi kidogo ya maili 150 kwa saa. Kamshafti ile mpaka leo inaitwa kwa jina lake.

Waraka wa Duntov ulinikaa kichwani, kwa sababu ulinieleza mimi mwenyewe. Miaka zaidi ya sabini baadaye, mtoto wa Mbeya amesimama kwenye kituo cha mafuta Ohio akitamani sauti ya Chevrolet. Ila kuna jambo waraka haulisemi, wala vitabu vingi vya fani hii havilisemi. Injini hiyohiyo ya 1955 iliwekwa pia kwenye pikapu za Chevrolet, zenye kazi ya kubeba mbao na magunia. Waliochora kamshafti za injini za namna hiyo hatuwakuti kwenye majalada. Hakuna aliyesimama ufukweni na saa mkononi kupima lori linavyowaka asubuhi ya baridi.

Hapo nilimkumbuka babu, na sikumkumbuka kwa raha.

Tasnifu yangu inahusu madereva wa barabara ya Dar es Salaam hadi Zambia. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya kusini ya mafuta, na malori yakaanza kupita kwetu: mapipa ya mafuta yakipanda, shaba ikishuka. Barabara ilikuwa ya udongo, na madereva wakaipa jina la Kiingereza lenye maana ya safari ya jehanamu. Babu aliendesha Fiat kwenye barabara hiyo. Nilimrekodi kwa simu, dakika 41, nikakusudia kumpigia tena. Alifariki kabla sijampigia.

Nilipoirudia rekodi ile wiki ya kamshafti, nilisikia nilichokifanya. Maswali yangu yote ni ya Daytona. Nani aliungua? Lori lipi lilianguka? Usiku gani ulikuwa mbaya kuliko zote? Babu anajibu kwa adabu, kwa kifupi. Anachotaka kueleza ni mlima Kitonga: namna ya kuupanda na mzigo, gia ya pili, bila kuongeza mafuta wala kupunguza, unaisikiliza injini mpaka iwe inavuta bila kulalamika. Dakika ya 23 anaanza kuiigiza kwa mdomo. Nikamkatiza: "Sawa babu, lakini zile ajali?"

Kesho yake nilikwenda kwa Papa. Alikuwa amefungua silinda hedi, anafuta mafuta kwa gazeti.

"Barabara ya kwenda kwa mama yako," akauliza, "unafikisha elfu sita mara ngapi?"

"Hata mara moja."

"Unakuwa kwenye ngapi?"

"Elfu moja na mia tano. Elfu mbili nikiwa barabara kuu."

Akanyamaza. Mafundi wazuri wanajua kunyamaza. Akaniorodheshea mambo kwa vidole: nyuzi 230 zingedai toki konveta nyingine, kwa kuwa gia boksi yetu ni otomatiki na ya kiwandani inaishika injini mapema mno, breki zinasaidiwa na mvuto wa hewa wa injini, na kamshafti kubwa inaupunguza, mafuta yangeliwa zaidi kwenye kila taa nyekundu. Yeye alitaka tuiache ya kiwandani. Mimi, siwezi kusema uongo, bado nilitaka kitu. Tukakubaliana kwenye nyuzi 206 upande wa kuingiza, pamoja na springi mpya za valvu ambazo Papa alikataa kabisa kufunga kazi bila hizo. Hatua kumi na sita tu juu ya kiwanda. Inavuta vizuri zaidi kuanzia elfu mbili na mia tano, na chini ya hapo sioni ilichopoteza.

Kwenye sailensa haisikiki chochote. Inanguruma sawasawa kama gari la mtu mzima. Alfajiri ya kwanza ya baridi kali iliwaka kwa mara moja, nikamkuta mama mlangoni amejifunga kitenge juu ya koti. Alipanda, akaweka miguu karibu na hita, akauliza kama tumelipa pesa zote zile ili isisikike. Kabla hatujafika barabara kuu alikuwa amelala.

Bado nikisikia pikapu inayodunda nageuka. Sijapona.

Ile rekodi nimeinakili upya. Kwenye nakala ya kwanza, dakika ya 23, nilikuwa nimeandika kwenye mabano: kelele. Nimelifuta neno hilo, nikaandika: anaigiza Fiat ikipanda Kitonga na mzigo, gia ya pili, sekunde 19.